Watu Wema Waliomchukua Baba

Mimi si mtu wa kukaa. Marehemu mama alikuwa akisema nilizaliwa nimesimama, na hii kazi ya kushona sare za shule kwenye kibanda kando ya barabara hapa Karungu ni adhabu niliyojipa mwenyewe. Nikimaliza upindo mmoja nainuka, nachungulia barabarani, nachungulia ndani ya boma, ndipo nirudi kwenye cherehani. Siku hizi nachungulia zaidi, kwa sababu ndani ya boma yuko baba, na baba amesahau karibu kila kitu isipokuwa kutembea.

Tulimpeleka hospitali, tukaelezwa kwamba ni ugonjwa wa uzee na dawa yake ni subira. Subira! Wakaniangalia mimi, mtu ambaye chai ikichelewa kuchemka huinywa vivyo hivyo. Lakini ndugu zangu wana ndoa zao na kazi zao mbali, na mimi ndiye niliyerudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda, kwa hiyo baba ni wangu.

Kuna jambo moja ambalo hakulisahau. Baba alikuwa na mdogo wake, ndugu wa tumbo moja, wakifuatana. Mdogo huyo alizama ziwani wakati baba akifanya kazi kwenye mashamba ya chai kule Kericho. Simu za mkononi hazikuwepo. Habari zilimfikia kwa mdomo wa mtu aliyekutana naye sokoni kwa bahati, na alipofika nyumbani alikuta kaburi limeshaota majani. Mgeni wa huku anaweza asielewe uzito wake. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi ya ndugu yake, akakosa hata kesi yake mahakamani, na watu wakanung'unika kisha wakasahau. Matanga ya ndugu hayakosekani. Ndugu ndiye anayesimama mbele kusema marehemu alikuwa nani, na ndugu ndiye anayetupa udongo kabla ya wengine. Siku ile wengine walisema na wengine wakatupa.

Alipokuwa mzima hakulitaja kamwe. Ugonjwa ulipoingia, likatoka. Kila asubuhi anaamka, anachukua koti lake jeusi msumarini, analivaa juu ya chochote alicholalia, anakuja kunisimamia mlangoni. "Leo tunamzika ndugu yangu," anasema. "Mbona mmekaa?"

Nami nilikuwa namwambia ukweli. Baba, alizikwa zamani, mimi hata sijazaliwa. Ananitazama. Halafu anauliza kama yeye alikuwepo, namwambia hakuwepo. Hapo anaketi popote alipo, hata kama ni chini, na koti lake. Kufikia saa ya chakula ameshasahau, na kesho yake tunaanza upya. Sikufanya hivyo kwa ukatili. Kanisani nilifundishwa kutosema uongo, na pia, tuseme kweli, nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye cherehani.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Jumatatu shule zikifunguliwa. Kibandani nilikuwa na mlima wa sare, na mzazi mmoja alikuja kugomba kwamba kola inamkaba mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa amenenepa likizoni, kola haikuwa na hatia, nami nikamweleza mama yake hivyo hivyo. Tuligombana vizuri. Alipoondoka nikachungulia ndani ya boma. Kiti kilikuwa kitupu, msumari mtupu, na patipati moja ya baba ilikuwa imelala langoni imepinduka.

Moyo wangu ulikimbilia ziwani kabla ya miguu. Msimu wa mvua uliopita aliingia kwenye matete kumtafuta mdogo wake, wavuvi wakamtoa maji yakiwa yamemfika kifuani. Kwa hiyo nilikimbia moja kwa moja hadi ufukweni nikipiga kelele. Wanaume waliokuwa wakishona nyavu waliziacha, wakasukuma mashua mbili, wakaingia kwenye matete wakimwita. Sikumwomba hata mmoja wao. Nilibaki nchi kavu nikienda na kurudi, nikitazama kila kitu cheusi kilichoelea juu ya maji. Jua lilikuwa linapanda, na nilikuwa nimevaa futi ya kupimia shingoni bila habari.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwa letu, akainua kichwa. Alikuwa mgeni, kutoka ufuo mwingine, hawa wanaohama kufuata samaki. Akaniuliza ninamtafuta nani. Nikamwambia mzee, mrefu, koti jeusi. Akatabasamu.

"Huyo si ameenda matanga?" akasema. "Nilimpa uji kwanza, safari ni ndefu."

Na hakuishia kwenye uji. Alimwona anatembea na kiatu kimoja, akamhurumia, akasimama barabarani akamwitia boda boda. Alinieleza yote kwa furaha, mikono imejaa magamba. Nilitaka kummeza mzimamzima. Nilimpigia yowe kwamba yule mzee ni mgonjwa, hana matanga yoyote, na yeye alipata wapi ruhusa ya kusafirisha wazazi wa watu. Furaha ilimtoka usoni, akabaki ameshika ungo. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, angejuaje?

Kweli, angejuaje. Mzee wa koti jeusi anakwambia anakwenda kumzika ndugu yake, nawe utamzuia? Utamhoji? Huku kwetu mtu wa matanga hupishwa njia. Hata askari wa barabarani hupunguza maswali akiona gari limefungwa tawi la majani. Baba alikuwa amesahau jina langu, lakini alikuwa amebeba neno moja linalofungua kila mlango kuanzia ziwani mpaka milimani, na alilijua.

Niliwaita wanaume watoke kwenye matete, nikakimbia stejini, kwenye kituo cha boda boda. Mwenye pikipiki alikuwa ndiyo kwanza anarudi, mwanaume wa makamo mwenye ndevu, anapangusa vumbi kwenye taa. Ndiyo, alimbeba mzee hadi Ndhiwa. Bure, tena. Alisema bure hiyo akingoja nimsifu.

Nilipanda nyuma yake nikamwambia anirudishe hapo hapo alipomwacha, na njia nzima nilimgombeza mgongoni. Yeye alivumilia hadi tulipopita mashamba ya miwa, kisha akapunguza mwendo, akageuza kichwa. "Sasa dada, ningemwambia nini?" akasema. "Mzee, toa kwanza barua ya mazishi?"

Karibu nicheke, na hilo likanikasirisha zaidi. Akaendelea kusema kwamba mama yake alipofariki, yeye alikuwa hana kitu mfukoni, na mtu asiyemjua alimpakia kutoka Migori mpaka nyumbani, akamshusha langoni, akageuza pikipiki akaenda. Hakuuliza jina lake. Tangu hapo akiona mtu wa matanga hawezi kumpita. Wahenga walisema wema hauozi. Siku ile niliomba uoze kidogo, hata kwa saa chache, mpaka nimpate baba.

Ndhiwa, kwenye njia panda, kila mtu alikuwa amemwona. Mama muuza mahindi choma alinieleza kwamba mzee alikuwa amesimama juani, na mwenye pikapu ya ndizi akamchukua. Mkuria huyo, mtu wa Kehancha, hupeleka ndizi Homa Bay, na huyu mama hununua ndizi kwake, kwa hiyo alikuwa na nambari yake ya simu. Nikapiga papo hapo. Akapokea kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Tulizungumza Kiswahili, kwa sababu yeye hajui Dholuo nami sijui Kikuria, na afadhali, maana nikikasirika Kiswahili changu hutoka chenye meno.

Alinihakikishia mzee alisafiri vizuri. Alimkalisha mbele, akamhamishia msaidizi wake nyuma juu ya ndizi. Walizungumza habari za ng'ombe, na mzee anajua ng'ombe, huyo mzee ni mtu wa maana. Amemshusha mjini karibu na msikiti, kwa sababu mzee alisema akifika hapo ataijua njia. Nikamuuliza ikiwa alimwacha peke yake.

"Peke yake namna gani, mama?" akashangaa. "Mjini si kuna watu?"

Nikamuuliza kwa nini hakumuuliza hasa anakwenda kwa nani. Akasema kwao mzee akishajibu mara moja haulizwi mara ya pili, ni kumvunjia heshima. Halafu, ndizi zake zikiwa bado hazijashushwa, akasema anarudi kumtafuta. Nilikata simu bila kuaga. Tenda wema nenda zako, ndivyo tulivyofundishwa, na kweli walikuwa wametenda, kila mmoja akaenda zake, wakaniachia mimi kazi ya kufuata nyayo.

Nilivyofika Homa Bay sitasimulia. Nilikaa karibu na dereva wa matatu nikimhimiza aongeze mwendo mpaka akafungulia redio ili asinisikie. Niliposhuka, mji ulikuwa unachemka. Nilizunguka soko lote la samaki, nikarudi, nikamwona yule mtu wa ndizi kwa mbali anauliza watu huku akipima urefu kwa mkono, na nikamjua kwa mkono huo. Tukagawana mitaa. Mimi nikachukua upande wa msikiti.

Kulikuwa na duka la viatu na vyombo, na mwenye duka alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, kofia ya kufuma kichwani. Ni mtu wa Pwani aliyekuja huku miaka mingi kufanya biashara, lakini Kiswahili chake hakijapata vumbi letu. Nilipomtajia koti jeusi akainuka.

"Karibu, mwanangu, keti kwanza unywe maji," akasema. "Mzee yuko salama. Tumemuwahisha."

Sikuketi. Neno hilo la kumuwahisha lilinichoma. Akanieleza taratibu, na mimi nikihama mguu hadi mguu. Alimwona mzee amesimama mbele ya duka, unyayo mmoja umebabuka. Akamwingiza ndani, akampa chai, akamwosha ule mguu yeye mwenyewe, akamvika makubadhi mapya. Mzee akamwambia anakwenda kumzika ndugu yake na amechelewa, amechelewa sana. Hapo mwenye duka hakutulia tena. Kwao maiti hacheleweshwi, na ndugu kukosa kutia udongo ni jambo la kuumiza. Akamwachia jirani duka, akamshika mzee mkono, wakapanda hadi mochari ya hospitali, kwa sababu alijua misafara huanzia hapo. Walipofika, basi moja lilikuwa linatoka na jeneza. Yeye akasimama katikati ya barabara, akanyoosha mikono yote miwili mpaka dereva akafunga breki.

"Nikawaambia, jamani, mnamwacha mzee wenu," akasema. "Wakafungua mlango. Kijana mmoja akampisha kiti."

Nikamuuliza basi lilikuwa la nani, limekwenda wapi. Hakuwa ameuliza. Nikamwambia ndugu wa baba yangu alikufa zamani, mimi sijazaliwa, na baba amepandishwa basi la matanga ya watu asiowajua, amekwenda asikokujua, na jioni wenyewe wakitawanyika, ataachwa huko na giza na ziwa. Niliyasema yote kwa pumzi moja, na sauti yangu ikapasuka mwishoni. Nilikuwa sijalia tangu asubuhi, hapo ndipo nililia, mbele ya ndoo za plastiki.

Yule mzee wa Pwani alivua kofia akaishika kwa mikono miwili. "Basi mimi nimekuibia baba," akasema.

Sikumwambia hapana. Akafunga duka mchana kweupe, akatoa gari lake la kubebea mizigo, tukaenda mochari. Mlinzi alilikumbuka basi, la kanisa, la rangi ya kijani. Lilikuwa likielekea chini ya vilima vya Homa, na wangezika leo leo. Mlinzi aliliongeza hilo kwa sauti ya chini. Kuzika siku hiyo hiyo, bila maiti kulala nyumbani, bila watu kukesha, ni dalili kwamba wenyewe hawana uwezo wa kulisha waombolezaji. Nikaanza kufikiri vibaya. Watu wasio na kitu, wakishagundua kuwa mzee si wao, watamfanya nini? Watamsukumia nani?

Nilimpigia mtu wa ndizi nikamwambia aache kutafuta. Akasema Mungu ni mkubwa. Njiani midomo ya mwenye duka ilikuwa inatembea, anaomba dua, nami nilikuwa naikunja ile futi ya kupimia na kuikunjua, nakunja na kukunjua. Tuliuliza njia kwa wanawake waliotoka kisimani, wakatuelekeza kabla hatujamaliza swali, kwa sababu huku gari geni linatafuta nini kingine.

Basi la kijani lilikuwa chini ya boma. Boma lenyewe lilikuwa na nyumba moja ya mabati na turubai moja. Nimeenda matanga mengi, na kitu cha kwanza macho hutazama ni viti. Hapa viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwa safu, na safu za nyuma zote zilikuwa tupu. Kwetu hiyo ni aibu kubwa kuliko njaa. Nililijua hilo hata katika haraka yangu, nikapunguza hatua kidogo, kisha nikamwona baba.

Alikuwa amesimama kando ya jeneza, makubadhi mapya miguuni, kipaza sauti mkononi. Nilishikwa na joto la aibu mpaka masikioni. Mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheupe alinidaka kiwiko akanivutia kiti, akidhani nimekuja kuomboleza, nami nikabaki nimekishika kile kiti bila kukikalia.

Baba alikuwa akisema kwa Dholuo, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ugonjwa uanze, sauti ya zamani, ya kuita mtu ng'ambo ya shamba. Alisema yeye na ndugu yake walilalia mkeka mmoja, na mdogo alikuwa akivuta blanketi. Alisema mdogo alikuwa mwogeleaji kuliko yeye, mwongo kuliko yeye, na mama yao alimpenda zaidi, na yeye mwenyewe alimpenda zaidi. Watu walicheka kidogo na kufuta macho. Halafu akaligeukia jeneza.

"Nilikuwa mbali," akasema. "Kazi ilinishika. Omera, ndugu yangu, nimechelewa, lakini nimekuja."

Kisha akalia. Baba yangu, ambaye hata mama alipofariki alilia akiwa ameufunga mlango, alilia hadharani kama wanavyolia wanaume wa kwetu kwenye kaburi la ndugu, kwa kelele, akilitaja jina la ukoo. Na wale watu wachache waliokuwa kimya tangu nifike wakaanza kulia pamoja naye. Kilio kilishika turubai zima, kikafika barabarani, hata majirani wawili watatu waliokuwa wamesimama nje ya ua wakaingia.

Mimi maneno yangu yalikuwa tayari mdomoni, yale yale ya kila asubuhi. Baba, alizikwa zamani. Niliyahisi kwenye ulimi. Nilipita nyuma ya viti nikaenda kwa mjane, aliyeketi chini karibu na jeneza, nikapiga magoti, nikamwambia sikioni. Nilimwambia huyu ni baba yangu, ni mgonjwa wa kusahau, amepotea tangu asubuhi, hamjui mume wako, utusamehe kwa kuharibu mazishi yake, nami namwondoa sasa hivi bila kelele.

Hakugeuka kunitazama. Alinishika kifundo cha mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kigumu.

"Tunajua, nyathina," akasema, akiniita mwanangu. "Tulijua tangu ndani ya basi. Mume wangu hakuwa na ndugu."

Nikabaki pale magotini. Akaendelea kuniambia, polepole, katikati ya kilio cha wengine. Marehemu alilelewa na nyanya yake, peke yake, hana wa kumtangulia wala wa kumfuata. Tangu kufa kwake jambo moja limemnyima usingizi yeye mjane, nani atasimama mahali pa ndugu. Mchungaji akiita upande wa ndugu, nani atainuka? Walipokuwa wakitoka mochari, akawa anaomboleza hilo moyoni, na mtu wa kofia akasimamisha basi akasema mnamwacha mzee wenu. Walimsikia mzee anavyoita, ndugu yangu, ndugu yangu. Wote mle ndani wakatazamana, kisha wakainamisha vichwa.

"Mwache amalize," akasema. "Atupe udongo. Ndipo umchukue."

Sijui nilikaa hivyo muda gani. Mimi, mtu wa kutokaa, nilikaa chini kwenye vumbi la boma la watu, kando ya mjane nisiyemjua, na sikutaka kwenda popote.

Kaburi lilikuwa karibu, upande wa nyumba unaotakiwa. Waliposhusha jeneza, vijana wa basi walimshika baba kila upande asiteleze, na walimtanguliza. Aliinama kwa shida, akachukua udongo kwa mkono mzima, udongo mwekundu wenye mawe, akautupa. Akachukua tena. Mchungaji alingoja. Nyuma yake akatupa mjane, nyuma ya mjane nikatupa mimi, kwa maana baba akiwa ndugu, basi mimi ni mtoto wa ndugu, na mtoto wa ndugu hawezi kukaa pembeni. Nilipogeuka nilimwona mwenye duka ameshuka kutoka barabarani. Alikuwa amekunja kanzu, amepokea sepetu kwa mtu aliyechoka, na anafukia kaburi kwa nguvu, jasho linamtiririka.

Wakatukaribisha chai na mkate wa kugawana. Nilitaka kukataa kwa ajili ya umaskini wao, mjane akanitazama mara moja tu nikapokea. Nilipomuaga hakunishukuru wala sikumshukuru. Tulishikana mikono kwa muda mrefu, kama watu wa ukoo mmoja.

Baba alipanda garini akalala kabla hatujafika barabara kuu, kichwa chake begani kwangu, udongo umemganda kwenye kucha. Mwenye duka alituendesha hadi Karungu, ingawa nilimwambia atuache Homa Bay tutajua la kufanya. Alisema hapana, mara hii anamfikisha mzee mpaka kwake, na anauliza langoni kama ndiko.

Pale langoni ile patipati ilikuwa bado imelala. Yule mama wa omena alikuwa amekaa kwenye kibanda changu, analinda sare za watu. Hakuna aliyemtuma. Nilikuwa nimemtukana asubuhi, nikamwomba aingie ndani tule.

Sikupona uharaka. Bado nachungulia, na sasa nimefunga langoni kengele ya mbuzi. Baba naye hajapona, na hatapona. Bado anaamka, bado anachukua koti msumarini. Lakini anapokuja mlangoni kunisimamia, swali limegeuka.

"Tulimzika ndugu yangu vizuri?" ananiuliza.

Naacha cherehani. "Tulimzika vizuri, baba."

"Nilikuwepo?"

"Ulikuwepo. Ulitupa udongo wa kwanza."

Anatazama mikono yake. Kisha anauliza kama watu walikuwa wengi, nami, niliyeviona vile viti, namwambia walikuwa wengi, walikosa pa kukaa.

Anavua koti mwenyewe, analirudisha msumarini, anaomba chai.